KITI CHA NDEGE NA MGONGO WA KOKO
Na Mwanachama wa Chama cha Kiswahili, Kidato cha Tatu

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Ndege nazo ni vivyo hivyo. Ukiitazama ukiwa chini, inameremeta kama bibi arusi, nawe unameza mate ukidhani waliomo ndani wamejitandaza kwenye makochi. Kwani nani amewahi kukuambia habari ya kile chuma kinachopita chini ya sponji?

Msomaji mpenzi, najua unashangaa. Mwanafunzi wa kutwa, anayepanda matatu kila asubuhi hapa Kitengela magoti yakikaribia kugusa kidevu, ana haki gani ya kuandika kuhusu viti vya ndege za watu binafsi? Nilipomtajia mlezi wa chama chetu mada hii aliniuliza kama baba ameshinda bahati nasibu. La hasha! Baba ni fundi wa kuezeka mabati. Lakini sisi wa Kitengela tunaishi chini ya ndege. Zile za Wilson hutupitia zikielekea kusini, na humu humu Kajiado kuna kiwanja cha Orly ambapo watu binafsi huweka ndege zao ndogo. Tukiwa paredi asubuhi, mwalimu wa zamu hukatiza matangazo mpaka kindege kipite, na sote huinua macho kama vifaranga waliosikia mwewe. Tena mimi nimewahi kuipanda moja. Hebu nisimulie.

Ilikuwa Mei mwaka wa 2024. Utazikumbuka mvua zile. Barabara nyingi zilikatika, ufunguzi wa shule ukaahirishwa, na mito ya Kajiado ambayo huwa mchanga mtupu ikafurika pomoni. Mimi nilikuwa nimekwama kwa Koko, yaani nyanya yangu mzaa mama, upande wa chini karibu na mpaka wa Tanzania. Siku moja Koko aliteleza akifuata mbuzi, akaanguka na kuvunjika mkono wa kulia. Muuguzi wa zahanati aliufunga kwa vibao na bandeji, akasema mfupa umetoka mahali pake, lazima afikishwe hospitali kubwa. Gari lililoitwa likafika mtoni, likageuka.

Bahati ikatuangukia. Rubani mmoja mwenye ndege yake binafsi alikuwa ameleta wageni kwenye kambi ya jirani, na alikuwa anarudi Nairobi peke yake. Mjomba akaenda kumwomba. Yule bwana akakubali, na senti hakutaka. "Lakini nitawapima," akasema.

Tulidhani ni mzaha. Wee! Mizani ya zahanati ililetwa mpaka kiwanjani, ikawekwa juu ya ubao. Koko kilo 62 pamoja na shuka na shanga zake. Mjomba kilo 91. Mimi, ambaye wakati huo nilikuwa na miaka 14, kilo 41. Mifuko nayo ikaning'inizwa kwenye mizani ya ndoana ya muuza nyama. Kapteni akapiga hesabu nyuma ya bahasha, akautazama udongo mweusi ulionata kwenye viatu vyake, akalitazama jua lililokuwa limeanza kuchoma, akatikisa kichwa.

"Mzee, pole sana, wewe ni mzito," akamwambia mjomba. "Leo nitamchukua mama na huyu mtoto."

Hivyo ndivyo mjomba, mwenye pesa, mwenye simu, anayeijua Nairobi kama kiganja chake, alivyobaki akipunga mkono, na mimi nisiyejua hata hospitali iko upande gani nikafungwa mshipi kiti cha nyuma nikiwa na pochi yake kifuani. Nilichaguliwa kwa wepesi tu. Si kwa akili, si kwa umri.

Koko aliketi mbele. Sponji ya kiti chake ilikuwa imekwisha kitambo, imekuwa kama chapati iliyolala. Chini yake kulikuwa na mwamba wa chuma uliopita katikati. Kapteni mwenyewe alikalia blanketi lililokunjwa mara nne, nami nikajua kwamba hata yeye anaujua ule mwamba. Tuliruka dakika 50. Tulipofika hospitali, daktari aliuliza, "Shosho, unaumwa wapi?" Koko, ambaye mkono wake ulikuwa umevimba kama mbuyu, bila kusita akashika kiuno. Ilibidi mimi nimkumbushe kuhusu mkono! Mkono ulipona. Mgongo uliendelea kulalamika mpaka Agosti.

Sasa, watu wengi wakisikia kisa hiki husema ni mambo mawili. La kwanza, mjomba alibaki kwa sababu ya uzito. La pili, Koko aliumia kwa sababu ya kiti. Tena husema mambo hayo hupingana: ukitaka kiti kizuri ongeza uzito, ukitaka wepesi vumilia chuma. Mimi nakataa. Nimelifikiria jambo hili kwa miaka miwili, na maoni yangu ni kwamba kiti ndicho mahali pa mwisho pa kuibia uzito, na kwamba starehe ya mgongo haitoki kwenye unene.

Tuanze na hesabu, maana ndege ni hesabu. Chukua Cessna 172, ndege iliyotengenezwa kwa wingi kuliko nyingine yoyote duniani, zaidi ya 44,000 tangu miaka ya 1950. Ile iitwayo 172S hairuhusiwi kuondoka ikiwa na zaidi ya kilo 1,157 kwa jumla. Yenyewe tupu ina karibu kilo 760. Unabaki na kilo 400 hivi za kugawa. Jaza matangi: lita 200 za mafuta yanayotumika, na kila lita ina karibu kilo 0.72, hizo ni kilo 144. Umebakiwa na kilo 250 hivi. Gawanya kwa viti vinne, kila mmoja apate kilo 62 na nusu. Yaani Koko wanne! Koko wanne bila mfuko, bila chupa ya maji, bila hata andazi moja. Ndege ya viti vinne, basi, si lazima iwe ndege ya watu wanne. Kwenye matatu, makanga akizidisha abiria gari huchechemea tu mlimani. Na malori yana mizani yao pale Mlolongo. Lakini ndege ikizidishwa mzigo, mwamuzi ni ile miti iliyo mwisho wa kiwanja.

Na kwetu kuna ubaya zaidi, ambao mwalimu wetu wa fizikia alinieleza kwa chaki mpaka kengele ikalia. Kitengela tuko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Katika majedwali ya marubani, hewa ya kimo hicho hutarajiwa kuwa na joto la nyuzi 5 hivi. Lakini adhuhuri ya Februari, jua la utosini, hapa tunaweza kupata nyuzi 28. Hewa ikipata joto hutanuka na kuwa hafifu. Bawa linakosa cha kushika, pangaboi inakosa cha kusukuma, injini inakosa cha kuvuta. Siku kama hiyo ndege iliyo Kitengela hujiona iko mita 2,300 hivi, na injini ya kawaida hupoteza zaidi ya moja kwa tano ya nguvu zake kabla hata gurudumu halijazunguka. Ongeza matope. Ndiyo sababu simlaumu Kapteni hata kidogo kwa kumwacha mjomba. Alifanya la haki, na namshukuru mpaka leo.

Ila nilipokuwa kule nyuma niligeuka nikaangalia. Kulikuwa na sanduku la vifaa, kreti ya maji, turubai, kamba nene, na makopo ya oili. Nusu ya mjomba wangu ilikuwa pale. Vingine vilihitajika bila shaka, maana huwezi kuruka nyikani bila maji wala spana, lakini turubai mbili?

Hapo ndipo ninaposema uzito uanze kutafutwa. Kwanza mafuta. Kwenda Amboseli kutoka Wilson ni chini ya saa moja, na ndege kama hiyo hunywa lita 35 hivi kwa saa. Aliyeondoka na lita 100 badala ya 200 anaweza kwenda, kurudi, na kubaki na akiba, naye amepunguza kilo 72, ambayo ni Koko na mfuko wake. Kisha kuna vitu vilivyosahauliwa. Ndege iliyoishi miaka 40 ina nyaya za redio ambazo zilikwisha kung'olewa, nyaya zenyewe zikabaki ukutani. Ina rangi iliyopakwa juu ya rangi. Ina matope yaliyokauka ndani ya vifuniko vya magurudumu, na hapa Kajiado udongo wetu mweusi si mchezo. Ina betri ya risasi ambayo siku hizi kuna mbadala wake wa lithiamu, mwepesi zaidi, kwa ndege zilizoidhinishwa. Na kuna kitambi cha mwenyewe, ambacho kukipunguza hakuhitaji fundi wala leseni. (Mjomba akisoma hapa anisamehe.)

Kiti tukiache kwanza. Hata waliokuwa na shida kubwa kuliko sisi hawakukitupa. Mwaka wa 1927 Charles Lindbergh aliruka peke yake kutoka New York mpaka Paris, saa 33 na nusu bila kutua. Alikuwa bahili wa kilo mpaka akaacha redio na parachuti. Kiti hakuacha. Alikalia kiti cha kusukwa kwa henzirani, cha aina ile ya kuwekwa barazani. Huku kwetu, Beryl Markham, aliyekulia Njoro na kufanya kazi ya urubani hapa Kenya, aliruka peke yake mwaka wa 1936 kutoka Uingereza mpaka Kanada kwa zaidi ya saa 21, nafasi za abiria zikiwa zimejazwa matangi ya mafuta. Viti vya wengine viliondoka, naam. Cha rubani kilibaki.

Hicho kiti cha kusukwa kilinifanya nifikiri usiku kucha. Kwa nini kilikuwa chepesi na bado kikamfaa mtu saa 33? Ndipo nikakumbuka kitanda cha Koko. Msomaji ambaye ameingia katika nyumba ya Kimaasai ya jadi anakijua: fito zilizosukwa, nyasi kavu juu yake, kisha ngozi ya ng'ombe. Hakuna godoro la inchi nane. Na Koko amekilalia maisha yake yote bila kushika kiuno. Siri ni kwamba kinabonyea kufuata mwili, uzito ukasambaa kila mahali badala ya kukusanyika juu ya mifupa miwili ya makalio. Basi kiti cha ndege kingefaa kufanya hivyo hivyo. Mapaja yashikwe mpaka karibu na magoti. Pawe na kitu cha kuujaza ule upinde wa kiuno. Mgongo uegemee nyuma kidogo. Haya yote ni umbo, na umbo halina kilo.

Wengine watasema, "Si ununue tu sponji ya godoro pale mjini Kitengela uweke?" Hapana! Hapa naomba unisikilize vizuri, maana ndipo kuna hatari. Sponji ya godoro ikishika moto hutoa moshi wa sumu, na ndani ya ndege huna mlango wa kukimbilia. Tena ukiwa mnene chini, rubani anainuka, kichwa kinakaribia dari, mshipi haumkai sawa. Na baya kuliko yote ni hili: ndege ikianguka kwa kishindo, kiti kinasimama lakini mwili unaendelea kuzama ndani ya ile sponji laini, ukishika kasi, kisha unagonga chuma. Uti wa mgongo unapata pigo kubwa kuliko kama angekalia kitu kigumu. Kwa hivyo wanaojua hutumia sponji ya namna nyingine, inayolainika polepole kwa joto la mwili lakini inakuwa ngumu ikipigwa ghafla. Asili yake ni kazi iliyofanywa kwa ajili ya NASA mwaka wa 1966, na siku hizi hata magodoro ya matajiri yanatengenezwa kwayo. Unene mdogo wake unashinda unene mkubwa wa ile ya kawaida.

Kuna pia reli. Kiti cha mbele cha Cessna huteleza juu ya reli kisha hujifunga kwa pini. Matundu ya reli yakilika, pini inaachia, na mara nyingi huachia wakati mbaya kabisa, ndege ikiwa inainua pua. Rubani anateleza nyuma, mikono bado imeshika usukani, anauvuta, pua inazidi kupanda mpaka bawa linakosa hewa. Mwaka wa 1987 wakuu wa usafiri wa anga wa Marekani waliamuru reli hizo ziwe zikikaguliwa. Mwenye kuutafuta wepesi asikwangue pale!

Mwenzangu mmoja tunayeketi dawati moja alisoma maandishi haya akanikunjia uso. "Wewe unalilia viti vya matajiri na sisi tunabanwa kwenye matatu." Ana hoja, sikatai. Matatu zetu zilipata sheria mwaka wa 2004, enzi za waziri John Michuki, mishipi ikafungwa, idadi ya abiria ikawekwa, na bado asubuhi tunabanwa. Lakini yule aliyembeba Koko si tajiri aliyekuwa matembezini. Ndege ndogo ndizo hufika mahali ambapo lami haifiki. Madaktari wa AMREF wameruka kutoka Nairobi tangu 1957. Na mwaka wa 2021, Kenya ilipohesabu wanyamapori wa nchi nzima kwa mara ya kwanza na kupata ndovu 36,280, kazi kubwa ilifanywa na watu walioketi ndani ya ndege ndogo, saa baada ya saa, wakienda na kurudi juu ya nyika kama mtu anayelima mtaro. Rubani anayewaza kiuno chake hawazi miti iliyo mbele. Hiyo si starehe. Ukimwambia dereva wa lori la Namanga kwamba kiti kizuri ni anasa, atakucheka.

Mwaka jana tulijaribu. Mimi na huyo huyo mwenzangu tulikusanya vipande vya alumini vilivyobaki kwa fundi wa madirisha, tukaunda fremu, tukasuka kanda za ngozi ya ng'ombe. Kwanza tulitaka kukiweka ngozi ya kondoo juu, kwa sababu marubani wengi huko nje huipenda, haitoi jasho. Tukagundua kondoo wetu mwekundu wa Kimaasai ana nywele, si sufu! Tukaacha. Kiti kilikuwa na kilo 3.4 kwenye mizani ya maabara, nacho kilikalika. Tulijivuna siku tatu. Ya nne ikanyesha, ngozi ikanyonya unyevu, ikalegea, na mwalimu wa hesabu aliyekuja kukijaribu akashuka mpaka sakafuni, magoti juu. Darasa zima liliangua kicheko. Hatukupewa adhabu, ila tulifagia maabara.

Tukasuka upya kwa mishipi mikuukuu ya matatu iliyotupwa gereji. Hii hainyonyi maji, tena imetengenezwa kuvuta mtu asitoke. Kiti kikashuka mpaka kilo 3.1. Koko alipotutembelea Desemba alikikalia kutoka chai ya saa nne mpaka chakula cha mchana, akishona shanga. Nilimuuliza kiuno kinasemaje. Akasema kiuno hakijasema kitu.

Sisemi kiti chetu kipelekwe kwenye ndege kesho. Huwezi kushona kiti nyumbani ukakifunga ndani ya ndege, ni lazima kazi ifanywe na fundi mwenye leseni na ikubaliwe na Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Marekani, kwa ndege ndogo za miundo iliyoidhinishwa upya tangu 1988, kanuni ilitaka kiti cha rubani kihimili mshtuko wa mbele wa mara 26 ya mvutano wa ardhi, na wa kushuka wa mara 19. Chetu kilishindwa na mwalimu mmoja. Kwanza sisi hatujui hata kiti halisi kina kilo ngapi, kwa kuwa hatujawahi kukishika kikiwa nje ya ndege.

Kwa hivyo nina ombi, na ndilo lililonifanya nishike kalamu. Nasikia jarida hili husomwa na wazazi, na huenda mmoja anamjua mtu mwenye ndege kule Orly au Wilson. Tunaomba kiti kimoja kikuukuu, kile kilichong'olewa, kilichochakaa, chenye mwamba wa chuma katikati. Tutakipima, tutakifungua, tutachora kila kitu, na tutakirudisha kikihitajika. Kinaweza kuachwa kwa mlinzi wa lango la shule, kiandikwe Chama cha Kiswahili. Mlezi wetu ameahidi kutucheka lakini ameahidi pia kukipokea. Kama hakuna njia ya kukileta, mjomba amesema atakwenda kukichukua mwenyewe, kwa barabara.